Goti Moja Chini

Kanisani kwetu Kadutu, mjini Bukavu, watu husimama mbele na kushuhudia: huyu amepona, yule mwanawe amepata diploma, mwingine amemaliza mwaka bila kufukuzwa kwenye nyumba ya kupanga. Nami nina ushuhuda wangu, na mkono wa Mungu najua ulikuwemo. Ila sehemu kubwa ya ushuhuda huo inapita ulingoni, kati ya watu wawili wanaopigana ngumi, na hayo sijapata pa kuyasemea mbele ya madhabahu. Nayasema hapa.

Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa magari, na katika ujana wake alicheza ngumi za ridhaa. Hakufika mbali, lakini alizijua ngumi kwa ndani, na jioni akiwa ananawa grisi mikononi alinisimulia mapambano raundi kwa raundi. Hapa Bukavu, ukiwauliza wapenzi wa ngumi pambano wanalolipenda kuliko yote, wengi watakutajia Ali na Foreman kabla hujamaliza swali. Wana haki: lilipiganwa kwetu, Kinshasa, alfajiri ya tarehe 30 Oktoba 1974, na hata aliyezaliwa miaka mingi baadaye anajua kwamba Foreman alianguka raundi ya nane. Mume wangu alilipenda pia, ila hakupenda watu walivyokimbilia raundi ya nane. "Tazama ya pili mpaka ya saba," alikuwa akiniambia. Foreman alikuwa kijana wa miaka 25 aliyewamaliza Joe Frazier na Ken Norton, kila mmoja kwa raundi mbili tu. Ali, mwenye miaka 32, aliegemea kamba, akaziba uso na mbavu, akaacha apigwe mikononi na mabegani hadi yule kijana akaishiwa pumzi.

Pambano la moyoni la mume wangu mwenyewe lilikuwa jingine: Sumbu Kalambay, mzaliwa wa Lubumbashi aliyehamia Italia, alipomshinda Mike McCallum kwa pointi mjini Pesaro, Machi 1988. McCallum hakuwa amewahi kupoteza. Kalambay alimshinda kwa jabu na kwa miguu, bila kumwaga hasira, na mume wangu alisema hiyo ndiyo nguvu anayotaka wanawe waione.

Siku moja nilimuuliza kwa nini bondia aliyeangushwa hubaki amepiga goti hata anapoonekana ana uwezo wa kuinuka. Akanieleza kwamba refa anahesabu mpaka kumi, na sekunde zile ni mali ya aliyeanguka. Anayeruka juu kwa aibu hesabu ikiwa mbili, miguu bado haijamrudia, na ngumi inayofuata inamkuta hivyo hivyo. Mwenye akili huweka goti moja chini, huitazama kona yake, huvuta hewa, huisikiliza hesabu, kisha huinuka kwenye nane. Nililishika jibu lile kama mtu anavyoshika jambo la kazi ya mwenziwe, bila kuwaza kwamba nitakuja kulihitaji mimi.

Alifariki mwaka 2015, kwa figo. Nilibaki na watoto, cherehani ya miguu niliyoshonea wateja, na nyumba ya mbao kule mtaa wa Nyamugo.

Mwaka uliofuata bondia Ilunga Makabu alikwenda Liverpool. Makabu ni mtoto wa Kananga, mpiganaji wa mkono wa kushoto, na wakati ule alikuwa akiishi na kufanya mazoezi Afrika Kusini. Tarehe 29 Mei 2016, katika uwanja wa Goodison Park wa timu ya Everton, aligombea mkanda wa WBC wa uzito wa kruza dhidi ya Tony Bellew, mzaliwa wa mji huohuo. Nililiona pambano hilo siku chache baadaye kwenye sine ya mtaani, kijana mwenye sine alipolileta kwenye flashi. Nilikuwa mwanamke pekee mle ndani. Raundi ya kwanza Makabu alimpeleka Bellew chini, na wote tukasimama juu ya mabenchi ingawa tulishajua mwisho wake. Bellew aliinuka. Raundi ya tatu alimkuta Makabu kwenye kamba, akamfungulia ngumi mfululizo, na mtu wetu akalala. Vijana walitoka wakimtukana, wakisema hatarudi tena. Mimi nilirudi nyumbani nikimwonea huruma kama mtu wa ukoo wangu.

Kiangazi hichohicho moto ukawaka Nyamugo. Asiyepajua afahamu kwamba nyumba za kule ni mbao juu ya mbao, ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule, na vijia ni vyembamba kiasi kwamba gari la zimamoto halina pa kupita. Tulimwaga maji kwa mabeseni na madumu, lakini moto ulitushinda mbio. Watoto walitoka salama, na kwa hilo nitashukuru mpaka kufa. Kilichobaki ndani kiliungua: kitanda, nguo, glavu za mume wangu, cherehani, na vikwembe vya wateja, vitambaa walivyoniletea niwashonee.

Hivyo vikwembe ndivyo vilivyoniumiza. Ulikuwa msimu wa harusi. Familia moja ilikuwa imeniletea kitambaa cha sare za wanawake wote wa ukoo, na wengine walikuwa na blauzi za libaya zilizobaki kutiwa vifungo tu. Mtu akikuachia kikwembe chake amekuachia heshima yake ya siku ya sherehe. Kesho yake walianza kuja, mmoja mmoja, wakisimama mbele ya majivu bila kujua waseme nini, nami sikujua niwajibu nini.

Wiki ileile akaja mtu wa benki lambert. Wakongo wanaijua: mkopo wa haraka, bila maswali, na riba inayomeza deni lenyewe kabla ya mwezi wa pili. Alikuwa na dola mfukoni. Alisema nichukue, ninunue cherehani, nianze kesho, nisikae kama mtu aliyeshindwa. Na kweli nilitaka kuanza kesho. Aibu ilikuwa inanisukuma mgongoni. Lakini nikaisikia sauti ya mume wangu, hesabu ikiwa mbili, miguu haijarudi. Nikamkatalia.

Nikaweka goti chini. Nilihamia kwa dada yangu, kule Bagira, tukalala watoto na watu wazima katika chumba kimoja. Nilinunua daftari la shule, nikaandika jina la kila mteja, kikwembe chake na bei yake, kisha nikaenda kwa kila mmoja na kumwambia kwamba nitalipa, ila si mwezi huu wala ujao. Baadhi walinisamehe. Wengine hawakunisamehe, na hawakuwa wabaya, maana nao walikuwa wamekopa ili wanunue. Mchana nilikaa pembeni ya meza ya mshonaji mwingine sokoni, nikipinda mapindo na kutia vifungo kwa mkono, kwa malipo ya chakula cha siku na kidogo cha kuweka.

Kona yangu ilikuwa muso, chama chetu cha kuweka na kukopa. Kwetu Kivu ya Kusini wanawake wengi wanaitegemea kuliko benki yoyote: tunakutana kila wiki, kila mmoja anaweka fungu lake katika kasha la kijani, na humo ndimo tunamokopeshana kwa riba ndogo tuliyoipanga wenyewe. Kasha jekundu ni la msiba, ugonjwa na ajali. Linalotoka humo halirudishwi. Wenzangu walinifungulia jekundu kwanza, nikapata sufuria na blanketi. La kijani nililigusa muda mrefu baadaye, niliposhaona naweza kurudisha, na ndipo nikapata cherehani kuukuu iliyobadilishwa mkanda. Kazi ya kwanza niliyoishonea ilikuwa kaptura za satini za vijana wa kilabu kimoja cha ngumi. Hawakuwa na pesa nyingi, lakini walikuwa wakiniletea habari.

Habari zilikuwa kwamba Makabu hajaacha. Mwaka 2019 alikwenda Urusi akamsimamisha Dmitry Kudryashov raundi ya tano, akarudi Urusi tena mwaka huohuo akamshinda Aleksei Papin kwa pointi. Vijana wale ndio walioniambia pia jambo ambalo mume wangu hakuwahi kunisimulia: kwamba mwaka 2008, katika pambano lake la kwanza kabisa la kulipwa, Makabu alipigwa raundi ya kwanza. Alianza kwa kulala chini.

Basi tarehe 31 Januari 2020, Ijumaa, Kinshasa. Mkanda uleule wa WBC ulikuwa wazi tena, na mpinzani alikuwa Michał Cieślak wa Poland, ambaye hakuwa amepoteza hata pambano moja. Tulijazana kwa jirani mwenye televisheni, tukiuombea umeme usikatike. Halikuwa pambano la kupendeza macho. Mjuzi wa ngumi atakutajia mengi yaliyo bora zaidi. Walikumbatiana, walichoka, walipiga ngumi zilizopotea hewani. Katika raundi za kati kila mmoja alimwangusha mwenzake. Makabu alipokwenda chini, mle chumbani mlinyamaza, na najua kila mtu aliiona Liverpool. Akainuka. Akapigana raundi zote zilizobaki, na mwisho majaji wote watatu wakampa ushindi.

Nikiulizwa, hilo ndilo langu. Mwaka 1974 tuliwapokea wageni wawili na kumshangilia mmoja wao mpaka koo zikakauka. Mwaka 2020 alishinda mtu ambaye mimi nilimwona amelala, nikasikia akitukanwa, kisha nikaona miaka inapita anafanya kazi bila kutazamwa. Wakati ule daftari langu lilibakiza majina mawili. Niliyafuta kabla ya Pasaka.

Nilidhani ushuhuda umeishia hapo. Kisha ikaja Februari 2025. Tarehe 14 wapiganaji wa kundi la waasi la M23 walifika uwanja wa ndege wa Kavumu, na Jumapili ya tarehe 16 walikuwa katikati ya Bukavu. Kati ya siku hizo mbili mji ulikuwa hauna mwenyewe, na uporaji ulipita. Tulijifungia ndani tukiwalaza watoto sakafuni, mbali na dirisha. Nilipofika kibandani kwangu sokoni, mlango ulikuwa umeng'olewa na cherehani haipo. Waliovunja sikuwajua na sikuwatafuta. Safari hii vikwembe vya wateja vilikuwa nyumbani, chini ya kitanda changu. Tangu moto silazi kitambaa cha mtu kibandani.

Jumamosi ya wiki hiyohiyo, tarehe 22, mdogo wake Makabu, Martin Bakole, alipanda ulingoni Riyadh. Miezi michache nyuma, Agosti 2024, alitupa furaha kubwa kule Los Angeles alipomsimamisha Jared Anderson, Mmarekani ambaye hakuwa ameshindwa, raundi ya tano. Sasa Daniel Dubois alikuwa ameugua, na Bakole, aliyekuwa huku Kongo, akaitwa zikiwa zimebaki siku mbili achukue nafasi yake dhidi ya Joseph Parker. Alifika usiku wa kuamkia pambano, na uzito wake ulipita kilo 140. Raundi ya pili Parker akamsimamisha, pambano likaisha. Nililiona kwenye simu ya kijana mmoja wa kilabu siku nyingi baadaye, na maneno niliyoyasikia juu yake yalikuwa yaleyale ya 2016: mnene, mlafi wa pesa, ametuaibisha.

Sikubaliani nao. Kuna ngumi zinazokukuta umejiandaa, na kuna zinazokuita leo kwa kesho. Nani kati yetu, wiki ile, alikuwa amepewa miezi mitatu ya mazoezi? Tarehe 3 Mei Bakole alirudi Riyadh hiyohiyo, akapigana na Efe Ajagba raundi zote kumi, wakatoka sare.

Huku kwetu Bukavu benki zilikuwa zimefungwa, na kutoa pesa kwenye simu kulikula sehemu ya pesa yenyewe. Muso yetu ilikaa wiki kadhaa bila kukutana, kisha tukaanza tena kwa mafungu madogo, na tukakubaliana kwamba kasha jekundu lijazwe kabla ya la kijani, kwa kuwa wengi waliibiwa zaidi kuliko mimi. Mimi nashona kwa cherehani ya mwenzangu, zamu ya mchana, na tunagawana nusu kwa nusu. Kuna binti anayejifunza kushona kwangu, ambaye kwao pia waliporwa kila kitu. Aliposikia vijana wanabishana juu ya Makabu, aliniomba nimwonyeshe lile pambano la Kinshasa. Nilimwambia tutalitazama, lakini tutaanza na la Liverpool.