Kangaga Kutoka Nyumba ya Kioo

Mmea hauna miguu. Ukipandwa kivulini hukaa kivulini, na ukipandwa juani hukaa juani. Hauwezi kulikimbia jua wala kuifuata mvua. Kwa hiyo mtu auhamishaye mmea kutoka mahali hata mahali amejitwika madaraka makubwa: amekuwa miguu yake, na macho yake pia. Akichagua vibaya, adhabu haimpati yeye kwanza, huupata mmea.

Nataka kueleza hapa jinsi kangaga la nchi za joto linavyotolewa nje baada ya kulindwa na baridi katika nyumba ya kioo. Kazi hii ni nadra kwetu, maana wengi wetu hatujapata kuiona jalidi, yaani umande ulioganda, isipokuwa watu wakaao katika nyanda za juu kama Kinangop. Katika Uingereza, walakini, ni kazi ya kila mwaka, na ina mafunzo yanayomfaa hata mtu asiyelima.

Kangaga ni mmea wa kale. Halina maua wala mbegu. Huzaana kwa spora, vumbi jembamba litokalo katika madoa yaliyo upande wa chini wa majani. Jani lake changa huzaliwa limejikunja mviringo mfano wa gamba la konokono, kisha hujikunjua polepole siku baada ya siku. Makangaga mengi hupenda kivuli na unyevu. Katika misitu ya Mlima Kenya na Nyandarua hustawi kando ya vijito, na mengine huota shina refu kama mti. Lile nililolijua mimi asili yake ni nchi za joto za Amerika. Mwaka 1894 aina yake yenye majani marefu yainamayo ilitambuliwa katika shehena ya makangaga iliyopelekwa mji wa Boston, Marekani, na tangu hapo imeitwa kangaga la Boston. Leo huonekana likining'inia katika baraza za nyumba nyingi duniani.

Nchi za baridi zimeweza kuitunza mimea kama hii kwa msaada wa kioo. Mwaka 1829 daktari mmoja wa London, Nathaniel Ward, ambaye makangaga yake yalikuwa yakifa bustanini kwa moshi wa makaa ya mawe, aliona kangaga limechipua lenyewe ndani ya chupa iliyofunikwa, ambamo alikuwa amemhifadhi mdudu katika udongo wenye unyevu. Akatambua kwamba ndani ya kioo mmea huweza kuishi mbali na moshi, na maji yake yakarudi udongoni badala ya kupotea. Baadaye masanduku ya kioo yaliyotokana na wazo hilo yakaivusha mimea bahari ikiwa hai. Mwaka 1845 serikali ya Uingereza ikafuta kodi ya kioo. Bei yake ikashuka, na nyumba za kioo zikaongezeka.

Basi kioo ni mlinzi mwema. Lakini ulinzi una gharama yake. London mwishoni mwa Desemba mchana haufiki saa 8, na jua lenyewe hupita chini, likiwa hafifu. Jani linalokua katika nuru haba kama hiyo hujitengeneza kulingana na nuru hiyo: huwa pana, laini na jembamba, na utando wa nta ulio juu yake huwa mwepesi. Upepo halijaujua. Kioo nacho huzuia sehemu kubwa ya miale mikali isiyoonekana kwa macho. Jani la namna hii si bovu. Ni jani lililofanywa kwa ajili ya makao yake. Hatari huanza pale makao yanapobadilika ghafula na jani likabaki lile lile. Mwezi wa Juni mchana wa London huzidi saa 16, na jani lililozoea nuru kidogo hupokea nuru nyingi kupita lile linaloweza kuitumia. Ziada hiyo huiharibu klorofili yake. Jani hugeuka jeupe, kisha hudhurungi, kisha hukauka.

Mwaka 1996 nilikuwa mpangaji katika nyumba ya mama mmoja mzee, kusini mwa Uingereza. Alikuwa na kangaga la Boston katika chungu kikubwa, alilolirithi kwa mama yake mzazi. Jingine hakuwa nalo, na mikono yake haikuweza tena kuinua chungu kile. Kazi ikawa yangu, amri ikabaki kwake.

Mwezi wa Aprili lilitokea juma moja la jua zuri. Jirani yetu, mtu mwenye bidii, akatoa kangaga lake siku ya kwanza akaliweka katikati ya bustani, ati lifurahi. Mimi nami nikamwuliza mama kama wakati umefika. Akanijibu, "Mwanangu, mchana wa Aprili husema maneno ambayo usiku hauyatimizi." Usiku wa nne jalidi ikaanguka. Majani ambayo jua lilikuwa limeyachoma mchana yakamalizwa na baridi usiku, na asubuhi yalikuwa yamelala kama kamba zilizolowa.

Letu lilingoja mpaka mwisho wa Mei, usiku ulipokuwa haushuki tena chini ya nyuzi 10 za Selsiasi. Mama akachagua siku ya mawingu. Nililibeba hadi ukuta wa kaskazini wa nyumba, na hapo msomaji wa Kenya huenda akashangaa. Kwetu jua hupita karibu na utosi. Kule adhuhuri huwa kusini sikuzote, kwa hiyo ukuta wa kaskazini una kivuli cha kutegemewa. Siku ya kwanza lilikaa nje saa moja tu, nikalirudisha. Siku ya pili saa mbili. Upepo ulipovuma halikutoka, kwa kuwa upepo hukausha jani upesi kuliko mizizi inavyoweza kulinywesha. Udongo ulitiwa maji asubuhi, wala haukuachwa ukauke. Baada ya juma la kwanza lilikaa nje kutwa. Baada ya la pili likalala nje. Mwisho tukaliweka chini ya mtofaa, mahali ambapo jua la asubuhi huchungulia kati ya majani, na la adhuhuri halifiki.

Walakini lililonifunza zaidi ni lile la jirani. Alikuwa tayari kulitupa. Mama akajikokota mpaka kwake, akainama, akayatenga majani makavu kwa vidole, akakitazama kitovu cha mmea karibu na udongo. "Hapa bado ni kibichi," akasema. Akamwagiza akate majani yote yaliyokufa, aliweke kivulini, na audumishe unyevu wa udongo. Hata Julai yakatokea makonokono madogo ya kijani, yakajikunjua moja moja. Majani yale ya kwanza hayakupona hata moja. Jani lililoungua haliponi. Ila majani mapya yalizaliwa nje, katika nuru ya nje na upepo wa nje, yakawa mafupi na magumu kuliko ya kwanza, wala jua la kawaida halikuyadhuru.

Kumbe siri ya kuzoea ndiyo hiyo. Mwendo wa polepole huliongezea jani la kale nguvu kidogo, lakini kazi yake kubwa ni kuupa mmea nafasi ya kuishi mpaka uote majani yanayofaa makao mapya. Mkulima wetu wa kahawa anaifahamu hekima hii. Miche yake hulelewa kitaluni chini ya kivuli, na kabla ya kupelekwa shambani kivuli hicho hupunguzwa kidogo kidogo mpaka izoee jua kamili. Papo kwa papo kamba hukata jiwe.

Nawaambia haya vijana kwa kuwa wengi wao wamehamishwa, au watahamishwa: kutoka kijijini hata shule ya bweni, kutoka shuleni hata mjini, pengine kutoka nchi yao hata nchi ya watu. Aliyehamishwa asijihukumu kwa majani yatakayonyauka katika majuma ya kwanza. Uzoefu aliokuja nao ulifanywa kwa nuru nyingine. Na yule ahamishaye wengine, mzazi au mwalimu, asipime ukali wa jua kwa ngozi yake mwenyewe. Awape saa moja kabla ya kuwapa kutwa, na amwonapo mtu amenyauka asiharakishe kumtupa. Kwanza ainame, atazame kitovu.