Maneno ya Akina Mama wa Salaita

Jumatano, 12 Februari 2025
Rejista ya kliniki ina habari moja tu: wajawazito huja mara ya kwanza, kisha wengi hupotea kabla ya ziara ya nne. Sababu haimo. Hata fomu ya ripoti ya kila mwezi, MOH 711, haina nafasi yake.
Siku kama ya leo, mwaka 1916, Waingereza na wanajeshi wa Afrika Kusini walikuja kukishambulia kilima cha Salaita, hapa hapa. Waliambiwa adui, jeshi la Wajerumani, ni kama 300. Wakakuta zaidi ya 1,000, na mahandaki yako chini, siyo kileleni walikokuwa wakikulenga kwa mizinga. Hesabu ya mbali hiyo, kama ya rejista yetu.

Alhamisi, 20 Februari
Tumekaa na akina mama chini ya mwarobaini. Sista, muuguzi wa kliniki, hakualikwa, makusudi. Nilitarajia kilio cha nauli. Nauli ilitajwa, ila baraza lilichangamka mmoja aliposema, "Chumba cha kupimiwa hakina pazia, na benchi la wanaosubiri liko mlangoni." Mwingine akadakia: "Ukichelewa unafokewa mbele za watu. Ndovu wamesimama njiani, mimi nipite wapi?" Bibi mmoja akanigeukia: "Andika hivyo hivyo, mwanangu, usipambe." Sikupamba.

Jumatatu, 24 Februari
Mwenzangu wa takwimu anauliza kama porojo za chini ya mti ni ushahidi. Nimemkumbusha kwamba mwaka 2007 FIDA Kenya, shirikisho la wanasheria wanawake, ilitoa ripoti ya masimulizi ya wanawake waliodhalilishwa wakijifungua. Baadaye mradi wa Heshima ukauliza jambo hilo hilo kwa takwimu katika vituo 13 vya afya nchini: asilimia 20 ya akina mama walisema walitendewa vibaya. Wahudumu walipofunzwa na jamii kushirikishwa, ikashuka hadi asilimia 13. Bila masimulizi, nani angejua la kuuliza? Amenyamaza, ingawa sidhani ameshawishika.

Ijumaa, 7 Machi
Kikao cha kamati ya kituo. Niliwasomea maneno yale bila majina. Sista alinuna, kisha akasema: "Na sisi atatusikiliza nani? Niko peke yangu tangu alfajiri." Hilo nalo nimeliandika, ni data kama zile nyingine, na pengine ndiyo inayoeleza ukali wake.
Pazia litanunuliwa wiki hii na benchi litahamishwa. Anayetoka upande wa ndovu hatafokewa tena kwa kuchelewa. Muuguzi wa pili ataombwa kaunti, na hapo sina matumaini makubwa.
Mwenyekiti alitaka kumbukumbu ziseme akina mama "hawajui umuhimu wa kliniki." Nilikataa, kauli hiyo ikafutwa.