Kuta za Kabla ya Ramadhani

Jumamosi, 4 Januari 2025

Kaskazi imekaza, anga nyeupe tangu asubuhi. Mama ameshatoa amri: kuta ziwe tayari kabla Shaaban haijesha, maana mwezi wa Ramadhani hataki ngazi wala harufu ya rangi ndani ya nyumba. Naafikiana naye kwa sababu nyingine pia. Masika yakiingia, kuta za Malindi hazikauki. Mei ndio mwezi wetu wa mvua nyingi kuliko yote, na kupiga mkono wa pili juu ya mkono wa kwanza ulio mbichi ni kualika koga.

Nataka kuta tulivu. Nyeupe iliyopoa, rangi ya maziwa, mchanga, labda kijivu chepesi ukumbini. Dukani wamenipa kadi ya sampuli, na nyeupe peke yake zimejaa ukurasa mzima.

Jumapili, 5 Januari

Kila ninaposoma kuhusu rangi za nyumba nakuta ushauri uleule: chumba kinachotazama kaskazini kina mwanga wa baridi, kipakwe rangi yenye joto. Huo ni ushauri wa Uingereza. Hapa tuko nyuzi 3 na ushei tu kusini mwa ikweta. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua la adhuhuri hupita upande wetu wa kaskazini, na miezi iliyobaki hupita kusini. Dirisha la Mama linaelekea kusini: sasa hivi jua linamfikia hadi kitandani, na Juni chumba hichohicho kitakaa kivulini mchana kutwa. Sasa rangi yake nimchagulie kwa Januari au kwa Juni?

Nadhani cha kutazama huku ni asubuhi na alasiri. Ukumbi wetu unafunguka mashariki, kuelekea baharini, na mwanga wa saa mbili asubuhi ni mkali mno. Nyeupe safi ya dukani hurudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga unaoipiga. Ukikaa kunywa chai mbele ya ukuta wa namna hiyo, macho yanauma. Chumba cha magharibi hakina taabu hiyo: alasiri jua lenyewe linapaka dhahabu, na krimu ikiongezwa hapo ukuta utageuka manjano.

Ijumaa, 10 Januari

Nimepaka sampuli kwenye vipande vya plaiwudi na kuviegemeza ukutani, nikivihamisha kila baada ya swala. Kijivu kimeshindwa kabisa. Sakafu yetu ni ya simenti nyekundu, ile ya kupigwa nta, na wekundu wake unapanda ukutani. Kijivu kilichopendeza kwenye kadi kikawa kama zambarau. Fundi alitazama mara moja tu: “Dada, sakafu hii itakula kijivu chochote utakachokileta.” Nyeupe iliyochanganywa manjano kidogo sana, karibu na ganda la yai, imesimama vizuri. Kwenye dirisha la nyuma mwarobaini unatia ukijani kwenye kila kitu, na hapo mchanga ndio uliofaa.

Jumapili, 12 Januari

Gede, na wapwa zangu. Tangu Julai mwaka jana mji huu umo kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, na nilitaka wauone. Mimi nilikuwa natazama kuta. Mawe ya matumbawe, lipu ya chokaa, na msitu umezikumbatia tangu watu walipohama karne ya 17. Pale jumba la mfalme lipu iliyobaki si nyeupe tena: ina kijivu, ina maziwa, ina wekundu wa udongo mahali maji yalipopita, na hakuna rangi inayogombana na mwenziwe. Kaburi lenye tarehe limeandikwa kwenye lipu mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Zaidi ya miaka 600, na maandishi bado yanasomeka. Hakuna kopo dukani linaloweza kuniahidi hilo.

Jumanne, 14 Januari

Leo fundi amekwangua ukuta wa chini ukumbini, ule unaobambuka kila mwaka, na chumvi ikamwagika sakafuni. Jiwe la matumbawe linanyonya unyevu kutoka ardhini, unyevu unakuja na chumvi, maji yanatafuta uso wa ukuta ili yakauke. Yakikuta rangi ya plastiki hayapiti, na chumvi inagandia nyuma yake na kuisukuma mpaka ipasuke. Chokaa inapumua, maji yanapita. Tena ukali wake wa alikali hauipendezi koga.

Lakini chokaa ina masharti. Haishiki juu ya rangi ya plastiki, kwa hiyo lazima tukwangue mpaka lipu. Ukuta unalowanishwa kwanza, halafu inapigwa nyepesi, mikono kadhaa. Ikiwa mbichi inaonekana kama maji machafu, weupe unakuja taratibu inapokauka na kuvuta hewa ya kaboni. Na fundi avae miwani, kwani ikiingia jichoni inaunguza.

Alhamisi, 16 Januari

Mama hataki chokaa ukumbini. “Mwanangu, mimi nimekulia kwenye chokaa. Kila mgeni akiegemea anaondoka na mgongo mweupe.” Ni kweli, na wageni wake wanavaa mabuibui meusi. Nilipotaja tone la maziwa kwenye mchanganyiko, alisema nyumbani kwao walitia chumvi ili ishike. Lakini chumvi zaidi kwenye ukuta huu siitaki. Fundi amesema sehemu ya kuegemea ipigwe chokaa na kusuguliwa kwa jiwe laini ikiwa bado na unyevu, isiache unga. Mama amekubali ujaribiwe ukuta mmoja, nyuma ya mlango.

Jumamosi, 18 Januari

Ukuta wa nyuma ya mlango umepita. Mama ameupapasa kwa buibui lake mwenyewe.

Basi: ukumbini na nje yote chokaa, iliyotiwa udongo wa manjano kiasi cha kuondoa ukali. Chumba cha Mama ganda la yai, rangi ya maji, kwani kuta zake za ndani ni kavu na rangi hiyo inavumilia Januari na Juni. Nyuma, penye mwarobaini, mchanga. Chumba cha magharibi nyeupe tupu.

Milango itapigwa rangi ya mafuta, na hapo sitalegeza kamba: mpwa wangu mdogo bado anatafuna kila kitu. Sinunui kopo lisiloandikwa kuwa risasi yake haizidi sehemu 90 kwa milioni, hata liwe rahisi namna gani. Rangi kuukuu ya milango haitasuguliwa kwa msasa mkavu. Italowanishwa kwanza, watoto wakiwa kwa shangazi yao.

Fundi anaanza Jumatatu baada ya alfajiri, upande wa magharibi ulio kivulini, na atazunguka nyumba akilikimbia jua.