Kuku wa Moshi wa Decatur



Mji wa Decatur, kaskazini mwa jimbo la Alabama nchini Marekani, umekaa kando ya mto Tennessee, na sifa yake kubwa ni kuku. Mwaka 1925 mfanyakazi wa reli, Bob Gibson, alianza kubanika kuku uani kwake. Mkahawa wenye jina lake ungalipo. Kuku hupasuliwa, huiva polepole kwa moshi wa hikori, mti wa jamii ya jozi, kisha huchovywa katika mchuzi mweupe wa mayonezi, siki na pilipili manga. Tulipopita mjini humo harufu ilitutangulia. Hatukula, maana katika mikahawa ya namna hiyo nguruwe pia hubanikwa. Mwenye kumtamani kuku huyo hana budi kumbanika nyumbani.

Sisi humwacha mzima. Kuku wa halali, wa kilo mbili hivi, hulala usiku kucha katika maji ya chumvi ndani ya jokofu, na asubuhi hupanguswa hadi akauke, la sivyo ngozi huwa kama mpira. Makaa husukumwa upande mmoja wa jiko, kuku hukaa upande wa pili, kipande cha hikori au cha mtofaa hutiwa motoni, na kifuniko hufungwa. Msonobari haufai kabisa. Utomvu wake huleta masizi na uchungu. Joto likiwa nyuzi 120 Sentigredi, saa tatu au zaidi hupita. Rangi isiwadanganye, kwani nyama ya moshi huweza kuwa nyekundu ingawa imeiva. Kipimajoto kichomwe penye unene wa paja, pasipo kugusa mfupa, na kisome nyuzi 74.

Tuliolelewa kwa samaki wa kubanikwa juu ya uchaga twadhani moshi huhifadhi. Moshi ule ulikausha. Kuku huyu hubaki na maji yake, naye huharibika kama kuku yeyote. Awekwe jokofuni na aliwe katika siku tatu au nne.

Tena, wakati wa baridi wako wanaoingiza jiko la makaa ndani ya gereji, ati mlango wameuacha wazi kidogo. Makaa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Mkaa ghorofani asiye na ua na aombe ua wa jamaa.

Mchuzi mweupe wajukuu waliupenda. Sisi tulirudia ukwaju wetu.