Matairi ya Hiace ya baba na hesabu yangu ya duara

Najua nimeadimika, na wengine mlishaanza kunitumia meseji mkiuliza kama nimeolewa huko huko Usukumani. Hapana jamani. Nilikuwa nyumbani Bariadi kwa mazoezi ya kufundisha, na juzi usiku ndiyo nimeshuka hapa Dodoma, miguu imevimba kwa kukaa kwenye basi. Wenzangu wa chumbani wamelala, begi langu halijafunguliwa, na mimi nimekaa kitandani naandika. Nina jambo limenikaa kifuani tangu Julai.

Kwa wasiomjua baba yangu, yeye ni mtu wa minada. Anauza mitumba. Ana Hiace moja, tena siyo ya abiria. Viti vya nyuma aliving'oa vyote, akabakiza vya mbele tu. Mchana ni gari la mizigo, usiku ni chumba chake. Anatandika godoro juu ya marobota, anafunga chandarua kwenye vishikio vya darini, anaacha kioo wazi kidogo, analala. Leo yuko Dutwa, keshokutwa Nkololo, na akipata nguvu anasogea mpaka Mwandoya kule Meatu. Mama huwa anasema mke mwenzake ana magurudumu manne.

Ukikaa pale Lamadi, njia panda ya kuja Bariadi, utawaona watalii wakielekea lango la Ndabaka kuingia Serengeti, wengine na magari yao yenye kitanda, jiko na sinki humo humo ndani. Baba akiyaona anacheka, anasema, "Hawa wameniiga mimi."

Sasa mwezi wa saba kwetu ni msimu wa pamba. Mkulima ameuza, ana hela mkononi, anataka nguo za watoto. Mtu wa mnada akikosa msimu huo ameukosa mwaka. Na ndipo matairi ya Hiace yalipogoma. Yote manne vipara, mawili ya nyuma waya zimeanza kuchungulia. Yalikuwa 195R15C. Tukazunguka mjini Bariadi maduka yote, saizi hiyo hakuna. Kuagiza Mwanza kulikuwa kusubiri siku kadhaa, na baba alikuwa na mnada keshokutwa yake.

Jirani yetu mmoja akatuletea matairi ya mtumba ya pikapu, 235/75R15, bei ya kirafiki. Baba akayapenda. "Makubwa haya, mama. Mvua zikianza, kwenye udongo wa mbuga gari litakuwa juu juu." Baba ananiita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Mnaoujua udongo wetu ule mweusi mtamwelewa. Ukilowa, hata ng'ombe anavua viatu.

Hapo ndipo mwanafunzi wenu wa hisabati nikaona zamu yangu imefika. Wiki hiyo hiyo nilikuwa nafundisha duara Kidato cha Tatu! Nikachukua daftari. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu wake kwa asilimia ya upana huo. R maana yake nyuzi zake zimepangwa kutoka ukingo hadi ukingo. Ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi, na inchi 15 ni milimita 381. Kwa hiyo 195R15, ambayo asilimia haijaandikwa, nikaichukulia 80: ubavu milimita 156, mara mbili 312, jumlisha 381, kipenyo 693. Yale ya jirani yakaja 733.5, yaani makubwa kwa karibu asilimia 6.

Nikamweleza baba. Tairi likizunguka mara moja litakwenda mbali zaidi ya gari linavyodhani, kwa hiyo mshale ukionyesha 80 wewe uko karibu 85. Gari litakuwa zito kuondoka na mzigo. Ukikata usukani mpaka mwisho, tairi litasugua madigadi. Na rimu zetu ni nyembamba kwa upana ule. Halafu nikamwonyesha zile tarakimu nne ubavuni, 2314, yaani lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. "Baba, tairi hili ni la enzi nikiwa shule ya msingi." Akacheka, akamrudishia jirani matairi yake kwa heshima zote.

Basi nikavimba kichwa.

Duka moja lilikuwa na matairi mapya, 205/75R15. Nikapiga hesabu pale pale kaunta, kipenyo 688.5. Tofauti na ya kwetu milimita nne na nusu tu, haifiki hata asilimia moja! Shilingi 140,000 kila moja, manne 560,000. Palikuwa na mengine, 205/70R15C, kila moja 210,000. Kipenyo chake 668, pungufu kwa asilimia 3.6. Nikamwambia baba, "Haya ya bei kubwa ndiyo yako mbali na saizi yetu. Chukua yale." Baba hakuuliza swali. Binti yake yuko chuo kikuu, ataulizaje? Akalipa.

Tukapeleka gari kwa mzee mmoja fundi wa matairi, ana kibanda chake na kompresa pembeni ya barabara. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwalimu." Akafunga tairi la kwanza kwenye rimu, akalijaza upepo. Alipolishika la pili akaligeuza ubavu, akalitazama, akaliweka chini.

"Nani kachagua hizi?"

Baba akanionyesha mimi kwa fahari kabisa. Nikafungua daftari nikamweleza yule mzee vipenyo vyote. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatisha hata mara moja. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, gari linabeba nini?"

Nikasema mitumba.

"Hiyo umeiandika wapi humo?"

Jamani, sikuwa nimeiandika popote.

Akanionyesha tairi letu kuukuu. Baada ya 195R15 kuna herufi C, halafu 106/104. Akasema hiyo C ni ya magari ya biashara, ubavu wake umekazwa kubeba mzigo na upepo mwingi. Ile 106 ni namba ya mzigo, na ukiitafuta kwenye jedwali ni kilo 950 kwa tairi moja. Ile 104 ni kwa magari yanayofunga matairi mawili mawili nyuma. Akaligeuza jipya nililochagua. Hakuna C. Namba ya mzigo 97, yaani kilo 730. Tairi la gari dogo la kutembelea.

Nami kwa kiburi cha shule nikajitetea. Nikaomba kadi ya gari. Uzito wa gari tupu kilo 1,870. Marobota 15 ya kilo 45 ni 675. Watu watatu mbele, 210. Maji, godoro, turubai na mbao za meza, tuseme 120. Jumla 2,875. "Na matairi manne mara 730 ni 2,920. Bado linabeba, mzee!"

Yule mzee, ambaye mwenyewe alisema aliishia darasa la saba, akainama akachora gari kwenye vumbi kwa kijiti. Akaniuliza, "Marobota unayaweka wapi? Juu ya injini?"

Nikanyamaza. Marobota yote yako nyuma. Tukakadiria pamoja, tukaona nyuma hakukosi kilo 1,550. Matairi mawili ya 730 ni 1,460. Lilikuwa limezidiwa tayari, gari likiwa limesimama, kabla ya shimo hata moja, kabla ya jua la saa nane. Yale ya C mawili yanabeba 1,900.

Akamwambia baba taratibu kwamba tairi lililozidiwa linapinda ubavu kila linapozunguka, linapata moto, na siku moja linapasuka ukiwa kwenye mwendo. Baba hakusema kitu. Alikuwa ananitazama mimi, na wala hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililoniuma. Ningemkosea kwa jambo lingine angenifokea. Hapa aliniamini, na ningempeleka barabarani na daftari langu mkononi. Yeye na wale akina mama wawili wanaopanda naye mbele kwenda mnadani, ambao wananiita mwanangu.

Tukarudi dukani. Mwenye duka alikuwa mwungwana, akapokea matatu kwa bei yake, na lile lililokwisha kufungwa akakata 20,000. Yale ya C manne yalikuwa 840,000. Pengo likawa 300,000 kamili, na baba alikuwa amemaliza. Mimi nilikuwa na 300,000 niliyokuwa nabana kwenye bumu tangu mwaka wa kwanza ili ninunue laptop. Wadau mnaonifahamu mnajua habari za laptop hiyo. Nilimpa. Akakataa mara mbili, ya tatu akapokea kwa mikono miwili, kama vile mimi ndiye mkubwa. Sipendi kukumbuka.

Kwa hiyo mwisho wa yote tulifunga saizi tofauti kweli, 205/70R15C 106/104. Gari limeshuka kama milimita 12. Mshale ukisema 80, mwendo halisi ni kama 77, na kukosea kwa upande huo hakuumizi mtu. Rimu zinakubali. Ubavu haugusi popote. Upepo tulifuata ile karatasi ya mlangoni, yenye maandishi ya Kijapani ila namba ni namba, na fundi akahakikisha hauzidi ulioandikwa kwenye tairi lenyewe. Akatuonya na kuhusu spea, ambayo bado ni ile saizi ya zamani. Ikibidi ifungwe, ifungwe mbele, na mwendo uwe wa pole mpaka kwa fundi pancha wa karibu. Nyuma hapana, kwa sababu matairi mawili ya nyuma yakitofautiana kipenyo, difu haipumziki.

Mtaona kichekesho chenyewe. Tairi lililokuwa karibu kabisa na saizi yetu ndilo lisilofaa, na lililokuwa mbali zaidi kati ya yale mawili ndilo lililofaa. Hesabu yangu haikuwa na kosa hata moja. Nilipima kile ninachojua kukipima, nikadhani nimepima gari.

Jumatatu yake nikaingia Kidato cha Tatu na tairi kuukuu, nimelibingirisha kutoka getini, wanafunzi wanashangilia. Tukapima mzingo kwa kamba, tukagawanya kwa kipenyo, wakaipata 3.1 na ushee wakapiga makofi. Zamani ningeishia hapo. Safari hii nikawasomesha na ile 106/104, nikawapa marobota 15 na gari la baba, nikawaambia waseme kama litafika. Zaidi ya nusu ya darasa walizidisha 730 kwa nne, wakaandika "litafika". Nilizisahihisha zile karatasi jioni kwa taa, na moyo unakwenda mbio kama vile ni gari la kweli.

Baba yuko Meatu wiki hii. Jana usiku alinipigia, nikasikia mbuzi na redio kwa nyuma. Akasema yuko ndani ya nyumba yake, chandarua kimefungwa, biashara siyo mbaya. Nikamuuliza matairi vipi.

"Yanabeba, mama."

Ndiyo hivyo wadau. Laptop itakuja Mungu akipenda, kwa sasa naazima ya huyu anayekoroma hapa. Na wewe mwenye gari nyumbani, kesho asubuhi inama usome ubavu wa tairi mpaka herufi ya mwisho. Usiku mwema.