Skrubu ya Omu 16

Mwaka 1974 nilikuwa kijana wa kufagia karakana moja ya redio Mombasa. Valvu ya kwanza niliyoishika iliniunguza vidole, lakini kilichonitia adabu hasa ni amplifaya ya ukumbini niliyoiwasha siku moja, nikaipigisha muziki bila kuiunga spika. Nilitaka kuijaribu tu. Punde nikasikia cheche zikilia ndani ya transfoma, kisha harufu ya vanishi iliyoungua ikajaa karakana nzima. Fundi wangu hakunipiga. Alinipa kibunda cha waya wa shaba, mwembamba kama unywele, akasema, "Isuke upya, mwanangu, na uhesabu kila mzunguko." Nilihesabu siku 3.

Kwa kuisuka ndipo nikaijua kazi yake. Valvu ina volti nyingi na mkondo mdogo. Spika inataka volti chache na mkondo mkubwa. Transfoma ni mkalimani wao. Upande wa spika huwa na skrubu kadhaa, mara nyingi za omu 4, 8 na 16, na kila skrubu ina idadi yake ya mizunguko. Muziki ukipita na spika haipo, volti za upande wa valvu hupanda ghafla hata zikatoboa vanishi ya waya. Amplifaya ya transista kwa kawaida hukaa bila spika isidhurike. Ya valvu usiijaribu.

Miaka mingi baadaye, nikiwa na karakana yangu mwenyewe, mzee mmoja wa Kibokoni alimtuma mjukuu wake aniite. Amplifaya aliyorudi nayo kutoka Uingereza, alikofanya kazi ujana wake, ilikuwa imeishiwa nguvu. Ilikuwa na valvu 2 za EL84 kila upande, wati 10 hivi, na spika zake zilikuwa LS3/5A, zile ndogo zilizobuniwa na wahandisi wa BBC kwa ajili ya magari ya matangazo. Zilikuwa za mwanzo, za omu 15. Dukani walishamshauri anunue amplifaya ya wati 100.

Nilipima valvu, zote zikawa nzima. Nikaigeuza amplifaya. Waya za spika zilifungwa kwenye skrubu ya 4! Skrubu hiyo hutoa nusu ya volti za skrubu ya 16, na volti zikipungua nusu, nguvu inayoifikia spika ileile hushuka hadi robo. Mzee alikuwa na wati 10 na anasikiliza 2 na kitu.

Nilipohamisha waya sauti ilifunguka, ila sebule bado iliimeza. Dari la boriti lilikuwa juu sana, na spika zile ni nzito kuamka: ukizipa wati 1, ukazisikiliza kwa umbali wa mita 1, hutoa desibeli 83 hivi. Spika kubwa ya karatasi ya desibeli 96 hufika kwa nusu wati pale zinapofika hizi kwa wati 10. Namba hii ya desibeli ndiyo ninayowasihi wateja waisome kabla ya kutoa pesa, na wengi huniuliza wati peke yake. Inaniuma, kwa sababu nimeona watu wakiuza valvu nzuri kwa kosa lisilo lao.

Karakanani nilikuwa na spika kubwa za namna hiyo, na mzee angezinunua. Lakini zake kipawa chao ni sauti ya mwanadamu, na sikutaka azikose. Nikamwomba tuvihamishie vyombo katika chumba chake kidogo cha kusomea, chenye zulia na rafu za vitabu. Alikubali kwa shingo upande. Tukangoja valvu zipate moto, akaweka santuri ya Siti binti Saad, aliyeanza kurekodi Bombay mwaka 1928. Mkwaruzo ulikuwapo, lakini nyuma yake sauti ya bibi ikasimama katikati ya spika mbili, kwenye kimo cha mtu aliyeketi. Mzee akavua miwani.

"Fundi," akasema, "usiguse tena kitu."

Niligusa kimoja tu: kichwa cha skrubu ya 16 nilikipaka rangi nyekundu. Mjukuu ndiye mwenye vyombo hivyo sasa, viko katika chumba kilekile, na waya hazijahama.