Mguu wa Nguzo

Useremala nimeufanya Kisangani tangu ujana, na kazi iliyonilisha kuliko zote ni kubadilisha nguzo za baraza. Kutoka komini za Makiso, Mangobo na Kabondo, wito ni uleule: "Papa fundi, baraza inaanguka!" Nikifika, paa siliangalii kwanza. Nainama na kisu chembamba, nachoma pale mti unapoingia udongoni. Mti mzima hukikataa kisu. Uliooza hukimeza mpaka mpini, na kikitoka kinaleta unga wa kahawia uliolowa, wenye harufu ya uyoga. Napanda shubiri moja juu, nachoma tena: mgumu. Nikifukua chini zaidi, mara nyingi naukuta bado una nguvu.

Bwana aliyenifundisha kazi, katika komini ya Tshopo, alinipeleka kwenye maporomoko ya mto kuangalia nguzo ambazo wavuvi Wagenia wanafungia mitego yao ya samaki. Alitaka nione mti unaolala majini mwaka mzima. Kuvu inayokula mti inahitaji maji na hewa kwa pamoja. Unyevu ukiwa chini ya asilimia 20 ya uzito wa mti mkavu, kuvu haiwezi kuanza kula. Mti ukishiba maji kabisa, kama zile nguzo za majini, hewa inakuwa haba na kuvu inakwama. Kwenye usawa wa ardhi ndipo vyote viwili vinapatikana, na mji wetu, ulio karibu na ikweta, hauna miezi ya ukavu wa kweli ya kuupumzisha mti.

Zamani fundi aliweza kuujibu uozo huo kwa mbao ngumu, afrormosia au iroko. Afrormosia biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES tangu 1992, na bei yake mtu wa kawaida haifikii. Kwa hiyo wateja wangu wananunua mbao laini, nyeupe, zilizopasuliwa juzi msituni na bado zinatoa maji ukipiga msumari. Na hata iroko, sehemu nyeupe ya nje huoza upesi. Kinachodumu ni kiini.

Mbao laini sizidharau. Nazipanga kivulini, vijiti kati ya ubao na ubao ili upepo upite, na sikubali kuzipaka rangi zikiwa mbichi, hata mteja akikasirika, kwa sababu rangi hiyo inafungia maji ndani. Vichwa vya ubao navipaka oili mara kadhaa: huko maji huingia kwa kasi kuliko ubavuni. Kisha nguzo naisimamisha juu ya kiguzo cha saruji, kwa chuma, isiguse udongo.

Wapo wanaoniambia saruji ni ghali. Nawahesabia nguzo walizokwisha kununua, na wengi wanakubali. Asiyekuwa na uwezo namwomba achimbe mfereji kuzunguka baraza, maji ya paa yasisimame miguuni mwa nguzo. Jembe namwazima mimi.